Watoto wa Indonesia wanaimba kwa tuni ya "Yesu kwetu ni rafiki": huyu Ibu Pertiwi wanayemlilia ni nani?

Sauti_ya_Pili

Heshima kwenu wakuu. Mimi ni mwanakwaya wa siku nyingi, sauti ya pili, na sikio langu likishashika tuni halidanganyiki kirahisi. Nimetumiwa video ya watoto wa shule ya msingi Indonesia wakiadhimisha uhuru wao, ile Agosti 17. Mashati meupe, sketi na kaptula nyekundu, wasichana karibu wote wana hijabu. Mwalimu akanyanyua mkono, wakaanza. Nikadhani simu imeruka kwenda video nyingine, maana walichokuwa wanaimba ni "Yesu kwetu ni rafiki", mwanzo hadi mwisho. Hata pale katikati tunapopanda juu, na wao wakapanda.

Ila Yesu hayumo. Wanamtaja "Ibu Pertiwi". Aliyenitumia anasema eti ni Mama Dunia, na ndiye taifa lenyewe. Sasa tuni yetu imefikaje kule? Na hili ndilo linalonisumbua zaidi: nchi yenye Waislamu wengi kuliko zote duniani imekubalije taifa liwe mama, tena mama ambaye jina lake linanukia Uhindu? Mwenye kujua anijuze. Wa matani apite kimya.

Kijiwe_Tisa

Wa matani nimefika. Hao ni Wakristo wa Manado mkuu, kule Sulawesi Kaskazini wamejaa. Hijabu itakuwa sare ya shule tu.

Mwalimu_Ruki

Kijiwe, wewe pumzika kwanza.

Nilisomea historia Yogyakarta, kwenye kisiwa cha Java, kwa ufadhili wa serikali yao. Nyuma ya bweni letu palikuwa na madrasa. Kila ikikaribia Agosti watoto wa pale walifanyishwa mazoezi ya wimbo huo huo mpaka sisi wa bwenini tukaujua bila kufundishwa, na aliyekuwa akiwapigia kinanda ni ustadhi wao. Hakuna aliyeona ajabu. Ajabu niliiona mimi, kwa sababu nilikulia ukuta kwa ukuta na kanisa na maneno ya upande wa pili nilikuwa nayajua, japo mimi mwenyewe ni Muislamu.

Tuni ni ya Mmarekani Charles Converse, mwaka 1868. Makanisa ya Indonesia nayo yanaiimba kama tenzi, kama sisi. Lakini huo wa kizalendo ulichukua tuni ukaacha tenzi. Mwambie mtoto wa Kijava kwamba anaimba wimbo wa kanisani, atakutazama tu.

Na sikiliza maneno yake, maana watu wengi wanadhani wimbo wa kizalendo lazima uwe wa vifua mbele. Huu unaanza kwa kumwona mama ana huzuni. Machozi yanamlengalenga, anakumbuka dhahabu na almasi zake. Misitu, milima, mashamba ya mpunga, bahari, hizo zote zinatajwa kuwa akiba yake. Na ubeti wa kwanza unamwacha hapo hapo, anaugua na kuomba. Ni kwenye ubeti wa pili ndipo watoto wake wanafika kumtumikia na kumfurahisha. Niambie ni nchi ngapi zinafundisha watoto wa darasa la pili kwamba taifa lao linalia.

Huyo mama mwenyewe ana umri mkubwa kuliko nchi. Ni Prithvi, mungu-ardhi wa Wahindi, aliyeingia visiwani pamoja na Kisanskriti, na maandishi ya Kisanskriti kule Kalimantan Mashariki ni ya karne ya 4 au ya 5. Ukitaka kuona nyayo zake nenda Borobudur, hekalu la Kibudha la karne ya 9, mwendo wa gari si mrefu kutoka Yogyakarta. Upande wa mashariki kuna sanamu za Buddha ambazo mkono wa kulia umeshuka gotini, vidole vinaelekea chini. Anagusa ardhi, anaiita iwe shahidi yake. Hiyo ardhi inayoitwa itoe ushahidi ndiyo huyu huyu mama. Kiongozi wetu wa safari pale, Muislamu anayefunga Jumatatu na Alhamisi, alitueleza yote hayo kwa fahari kabisa, halafu akaomba ruhusa akaswali adhuhuri.

Abu_Twalib

Assalaam aleikum dada. Shukrani kwa maelezo, lakini hapo hapo pananitia shaka. Mungu-ardhi wa Wahindi, halafu Waislamu wanamwimbia kuwa wanakuja kumtumikia. Hiyo si shirki?

Mwalimu_Ruki

Waaleikum salaam. Swali la haki kabisa, na wenyewe wanaulizana.

Nikujibu kwa nilichokiona. Bali, ambako Wahindu ndio wengi, Ibu Pertiwi ni wa ibada kweli. Ardhi ni mama, anga ni baba, na sadaka zinawekwa chini. Ukitoka Bali ukaingia Java, jina ni lile lile lakini hakuna anayemfukizia udi. Hana hekalu, hana siku yake, hana kuhani. Wakulima wa Java wenye kufuata mila ukiwaona wana shughuli ya mavuno, hiyo ni ya Dewi Sri, bibi wa mpunga, huyo ni mwingine. Ibu Pertiwi amebaki kwenye nyimbo, kwenye hotuba na kwenye vichwa vya habari.

Hata serikali haina faili lake. Kuna sheria namba 24 ya mwaka 2009 inayohusu bendera, lugha, nembo na wimbo wa taifa. Nembo ni ndege Garuda. Mama hayumo. Na bado, ukisimama kuimba Indonesia Raya, ndio wimbo wao wa taifa, mama unaye mdomoni: ubeti wa kwanza mwimbaji anasema amesimama kwenye ardhi hiyo awe skauti wa mama yake, na ubeti wa tatu, ambao siku nyingi hawauimbi, anasimama kumlinda mama wa kweli. Haitwi Pertiwi humo, anaitwa mama tu, na kila mtu anajua ni nani.

Mimi naona kilichomwokoa ni huko kukosa sura. Angekuwa na sanamu kila njia panda, masheikh wangekuwa wameshaigomea zamani.

Mtu_wa_Ramani

Hapo kwenye sura umenigusa mwalimu. India wamefanya kinyume chake. Bharat Mata, yaani Mama India, alichorwa na Abanindranath Tagore mwaka 1905, mwanamke wa mikono minne aliyevaa nguo ya rangi ya zafarani, na tangu hapo picha zake hazijaisha, anaongezewa simba, bendera, ramani nyuma ya kichwa. Ndiyo maana Waislamu wengi wa India wanakataa kumpigia salamu, kwa sababu wanamwona ni mungu wa kike tu aliyepewa pasipoti. Ingawa kuna hekalu lake moja Varanasi, lililofunguliwa na Gandhi mwaka 1936, ambalo ndani hakuna sanamu yoyote. Kuna ramani ya India ya marumaru iliyolazwa sakafuni.

Mwalimu_Ruki

Hekalu hilo ndilo ningelipenda. "Mungu aliyepewa pasipoti" naiba, nitaitumia darasani.

Na hiyo tofauti ina sababu. Waindonesia hawakuanza na mama, walianza na tatizo. Visiwa zaidi ya 17,000, makabila mamia, na kilichowaunganisha ni kwamba Mholanzi mmoja aliwatawala wote. Oktoba 28, 1928, vijana wakakutana Batavia, ndiyo Jakarta ya leo, kwenye nyumba ya barabara ya Kramat Raya 106. Sasa ni makumbusho, nimeingia, ni nyumba ndogo ya vigae, unajiuliza walienea vipi. Wakaapa ardhi moja, taifa moja, lugha moja. Na lugha hawakuchukua Kijava, ingawa Wajava ndio wengi kuliko kabila lolote, walichukua Kimalayu, lugha ya bandarini na sokoni ambayo haikuwa ya mkubwa yeyote. Sisi wa Kiswahili hilo hatuhitaji kuelezwa.

Usiku huo huo Wage Rudolf Supratman, mtunzi wake, akapiga Indonesia Raya kwa fidla, bila maneno, kwa sababu polisi wa Kiholanzi walikuwa wanasikiliza. Kwa hiyo huyo mama wa ubeti wa kwanza, mara ya kwanza alipotokea mbele ya mkutano, hakutajwa.

Ungewapa baba, lazima baba awe na ukoo. Baba wa kifalme wa Java, Waacheh na Wabatak wangemkataa kabla hajakaa. Mama ambaye ni udongo wenyewe hana kabila, na kila kisiwa kina udongo. Baba walikuja kujipa baadaye: Rais Suharto alitunukiwa na bunge lake jina la Baba wa Maendeleo mwaka 1983, na alipoanguka 1998 jina likaanguka naye. Mama bado anaimbwa.

Kijiwe_Tisa

Mimi nimepumzika vya kutosha. Mwalimu, udongo, udongo... mbona hata Nyerere alichanganya udongo wa Tanganyika na Zanzibar 1964 na hatukusema ni mungu? Picha ipo mpaka kwenye vitabu vya shule.

Mwalimu_Ruki

Ahsante, leo umekumbuka jambo. Na wao wamefanya, si zamani. Machi 14, 2022, Joko Widodo, rais wa wakati ule, alikwenda kule Kalimantan wanakojenga makao makuu mapya, Nusantara, na magavana wa mikoa yote 34 ya wakati ule wakaleta kila mmoja udongo na maji ya kwao, vikamiminwa kwenye chombo kimoja kikubwa cha shaba. Abu Twalib, ukitaka kuona Waislamu wa Indonesia wakibishana juu ya swali lako, soma magazeti ya wiki ile. Wengine walisema ni ishara ya umoja na haina zaidi. Wengine wakasema huo ni ushirikina wa Kijava umevalishwa suti. Rais mwenyewe alikuwa Mjava, basi ndiyo ikawa moto zaidi.

Mimi kwa maoni yangu walikuwa sahihi wote wawili, lakini sitaki kuanzisha vita humu.

Mlowezi_wa_Kusini

Mnamsifu huyu mama bila kumuuliza mtu wa Papua, kule mashariki kabisa ya Indonesia. Nimewahi kufanya kazi meli moja na Wapapua wawili. Ukiwatajia Ibu Pertiwi wanacheka kicheko ambacho si cha furaha.

Mwalimu_Ruki

Ndugu Mlowezi umenitangulia, nilikuwa nakuja huko, na sikutaka kufika huko kwa haraka.

Kuna usemi utaukuta kila mahali kule: mtu au kitu "kimerudi mapajani mwa Ibu Pertiwi". Ni kama mtoto aliyerudi kupakatwa. Uholanzi iliporudisha mamia ya vitu vya kale mwaka 2023, sanamu za ufalme wa kale wa Singasari na hazina iliyotekwa kisiwa cha Lombok, magazeti yakaandika vimerudi mapajani. Waasi wakiweka silaha chini, wamerudi mapajani. Mfanyakazi wa ndani akifia ughaibuni na maiti ikaletwa, ndivyo wanavyosema pia. Ukisikia hilo la mwisho uwanja wa ndege, na familia imesimama pale, si siasa hata kidogo.

Lakini usemi huo huo ndio uliotumika kwa Papua. Mkataba wa Agosti 1962 ulisainiwa New York kati ya Indonesia na Uholanzi. Wapapua wenyewe hawakuwa mezani. Umoja wa Mataifa ukashika eneo kwa miezi saba, na Mei 1, 1963 likakabidhiwa Jakarta. Mpaka leo tarehe hiyo wanaiadhimisha kuwa siku Papua ilirudi mapajani mwa mama. Mwaka 1969 ikaja ile iliyoitwa kura ya hiari: watu elfu moja na ushee waliochaguliwa, kwa niaba ya watu karibu laki nane, chini ya macho ya jeshi, na wote wakasema ndiyo. Kila mwaka Mei 1 palikuwa na Wapapua wanaoandamana Yogyakarta, vijana wa vyuo, na kila mwaka walizingirwa. Mmoja tulisoma naye darasa moja. Alikuwa na namna moja ya kuliweka jambo hili ambayo sijaisahau: yeye mama yake alikuwa yu hai, yuko Wamena, huko huko Papua, analima viazi vitamu, na hakuwahi kupotea ili arudishwe kwa mtu.

Timor Mashariki nako walivamia Desemba 1975 na kuuita mkoa wa 27. Watu walipoulizwa kweli, Agosti 30, 1999, asilimia 78.5 wakachagua kuondoka.

Kwa hiyo pale niliposema kukosa sura kumemwokoa, kumewapa pia wakubwa nafasi ya kumvalisha sura wanayoitaka. Mama asiye na mdomo, msemaji wake ni yeyote mwenye kipaza sauti.

Sauti_ya_Pili

Mwalimu nimekuja na swali la tuni, sasa sijui niufundishe wimbo au niuache. Kwani hakuna wa chini anayemsemea huyo mama? Ni serikali tu?

Mwalimu_Ruki

Wapo. Na ndio walionifanya nimchukulie Ibu Pertiwi kwa uzito, si Borobudur wala mihadhara.

Kaskazini ya Java ya Kati kuna safu ya milima ya chokaa inaitwa Kendeng. Chokaa inanyonya maji ya mvua, inayatoa chini kwa chemchemi, na chemchemi ndizo zinazolisha mashamba ya mpunga. Chokaa hiyo hiyo ndiyo malighafi ya saruji. Serikali ya mkoa ikatoa kibali cha kiwanda na machimbo wilaya ya Rembang, na wanawake wakulima wakapinga kwa miaka kadhaa, wengine wakipiga kambi njiani. Aprili 2016, wanawake tisa wakaenda Jakarta mbele ya Ikulu, wamevaa kebaya, blauzi za asili za kule, na kofia za mkulima, wakaingiza miguu kwenye masanduku ya mbao, saruji ikamiminwa ikakauka. Wakakaa hivyo hivyo. Hawakutukana mtu. Walikuwa wanaimba.

Wimbo wao una mistari michache: mama ardhi ametupa, mama ardhi ameumizwa, mama ardhi ndiye atakayehukumu. Wao wanasema Ibu Bumi, mama ardhi, hawasemi Pertiwi, lakini linganisha na wa watoto wa video yako. Kule mama analia na kuomba, anasubiri watoto wamfurahishe. Huku mama ni hakimu. Na hawa si Wahindu, wengi wao ni Waislamu, na swala zilikuwa zikiswaliwa hapo hapo kambini. Niliwahi kwenda kijiji kimoja cha kule na wenzangu wa darasa. Bibi mmoja akatupeleka kwenye chemchemi, akanawa, akatuambia tunywe. Nilimuuliza, kwa Kiindonesia changu cha kubabaisha, kama anaamini ardhi ni mtu. Akanijibu kwa kuniuliza wali niliokula asubuhi ulitoka wapi.

Abu_Twalib

Huyo bibi amenijibu mimi pia, nusu. Nusu nyingine nitaendelea nayo.

Sauti_ya_Pili

Na kesi? Walishinda?

Mwalimu_Ruki

Walishinda halafu hawakushinda. Oktoba 2016 Mahakama Kuu ya nchi ilibatilisha kibali cha mazingira. Februari 2017 gavana akatoa kibali kipya. Machi wakarudi Ikulu na masanduku yao, safari hii watu wengi zaidi, wanaume kwa wanawake, na mmoja wa akina mama hao akafariki kwa ugonjwa wa moyo usiku wa kuamkia Machi 21, saruji ikiwa imeshaondolewa miguuni ili arudi kijijini.

Kuhusu kwaya yako: imbeni mkitaka, tuni mnayo tayari na maneno ni mepesi, herufi zinasomwa karibu sawa na zetu isipokuwa "c" ambayo ni "ch". Ila huo wa Kendeng usiutafute kwa Kiindonesia hutaupata, ni wa Kijava, na haufuati tuni yoyote ya kitabuni kwenu. Andika Kendeng na Rembang kwenye kitafutio, video zitakuja. Zile zenye masanduku ni za 2016 na 2017, usizichanganye.